Asilimia 8.8 ya soko la upepo ina maana gani kwa mstaafu wa Tanga?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mstaafu, nilikuwa karani wa mizigo katika bandari ya Tanga kwa miaka mingi, na sasa naishi Ngamiani. Mpwa wangu, ambaye ni fundi umeme, ameniletea kipeperushi cha muuzaji wa mitambo midogo ya upepo kinachosema kwamba soko la nishati ya upepo duniani litakua kwa asilimia 8.8 kila mwaka hadi 2030. Anataka nitoe sehemu ya kiinua mgongo changu tuagize mitambo kumi ya kilowati 2, tuiuze kwa wenye hoteli na wavuvi kuanzia Pangani hadi Moa. Nimeishi na upepo wa bahari maisha yangu yote na sikatai kwamba upo. Ninachotaka kujua ni jinsi tarakimu hizo zinavyopatikana, na kama mtu wa Tanga anaweza kuziegemea.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Nianze kwa kumtendea haki aliyeandika kipeperushi hicho, kwa sababu tarakimu hiyo hakuitunga. Inatoka katika ripoti ya mwaka 2025 ya Baraza la Nishati ya Upepo Duniani, lijulikanalo kwa herufi GWEC. Ripoti hiyo inaeleza kwamba mwaka 2024 dunia ilifunga mitambo mipya ya upepo yenye uwezo wa gigawati 117 (gigawati moja ni megawati 1,000), na kwamba jumla ya mitambo yote iliyosimama ilifikia gigawati 1,136. Inatabiri gigawati 138 mpya kwa mwaka 2025, na gigawati 981 kwa jumla kati ya 2025 na 2030. Ili upate kipimo cha nyumbani, kituo cha New Pangani Falls kina megawati 68, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mashine tisa, lina megawati 2,115. Kwa hiyo uwezo uliofungwa duniani katika mwaka mmoja wa 2024 ni zaidi ya mara 55 ya bwawa hilo. Naongeza tahadhari moja tu, kwamba huo ni uwezo ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Upepo hauvumi saa zote, na umeme unaopatikana kwa mwaka mzima huwa ni sehemu tu ya kile ambacho kibati kinaahidi.

Shida inaanzia kwenye neno asilimia. Asilimia 8.8 inahesabu ongezeko la mitambo mipya ya kila mwaka, kuanzia gigawati 117 za mwaka 2024 hadi kufikia takriban 194 mwaka 2030. Mtu mwingine akichukua ripoti hiyo hiyo na kuhesabu ukuaji wa mitambo yote iliyosimama, kutoka 1,136 hadi takriban 2,117, atapata karibu asilimia 11 kwa mwaka, na hatakuwa amesema uongo. Wa tatu akianzia na makadirio ya 2025, yaani 138, badala ya 117, ukuaji utashuka hadi asilimia 7. Na muuzaji mwenye haraka anaweza kuanzia mwaka 2022, ambao ulikuwa mbaya kwa kuwa zilifungwa gigawati 77.6 pekee, akatangaza ukuaji wa asilimia 12. Utabiri ni mmoja, asilimia ni nne, na kila moja imetafutwa kwa hesabu halali. Ndiyo maana mimi nikiletewa asilimia ya ukuaji wa soko lolote, jambo la kwanza ninalouliza ni mwaka gani umewekwa kuwa mwanzo, kisha nauliza kinachohesabiwa ni kitu gani. Zipo pia ripoti zinazouzwa kwa bei kubwa ambazo hazihesabu gigawati kabisa, bali thamani ya soko kwa dola. Hizo nazitazama kwa mashaka zaidi, kwa sababu mtambo unaotengenezwa na kufungwa China huuzwa kwa bei iliyo chini sana kuliko ule wa Ulaya. Gigawati moja ya China na gigawati moja ya Ulaya ni umeme ule ule, lakini katika daftari la dola ni vitu viwili tofauti.

Sasa, utabiri wenyewe unajengwaje? Wewe uliyeshika manifesti, yaani orodha za mizigo ya meli, bandarini utanielewa upesi. Meli iliyokwisha kung'oa nanga Mombasa na karatasi zake zimefika mezani kwako, unajua itaingia, labda ichelewe siku moja au mbili. Meli ambayo wakala anakuambia kwamba mfanyabiashara fulani ana nia ya kuikodi mwakani ni habari nyingine kabisa. Utabiri wa upepo una sehemu hizo mbili, ila zimechorwa kwa mstari mmoja kwenye grafu, na msomaji haoni pale zinapoachana. Miaka miwili ya mwanzo hutokana na mambo yanayohesabika: oda zilizosainiwa viwandani, minada ya serikali ya kugawa miradi iliyokwisha kuwa na washindi, misingi iliyokwisha kumwagwa zege. Miaka inayofuata hutegemea ahadi za serikali, sheria ambazo hazijapitishwa, riba za benki, na dhana kwamba njia za kusafirisha umeme zitajengwa kwa wakati. Kadiri mstari unavyokwenda kulia ndivyo manifesti inavyogeuka kuwa nia njema.

Lazima pia tujue anayetabiri ni nani. Baraza nililolitaja ni chama cha wenye sekta, na wanachama wake ni pamoja na watengenezaji wa mitambo na waendelezaji wa miradi. Silisemi hili kwa kulidharau, kwa sababu takwimu zake za mitambo iliyokwisha kufungwa ni miongoni mwa zile ninazoziamini. Lakini mwenye duka akisema biashara itakuwa nzuri, tunamsikiliza tukijua kwamba yuko ndani ya duka. Mwaka 1999 chama cha upepo cha Ulaya, kikishirikiana na shirika la mazingira la Greenpeace, kilionyesha namna dunia inavyoweza kufikia gigawati 1,200 ifikapo 2020. Mwaka 2020 ulipokwisha zilikuwapo 743. Gigawati 1,000 zilivukwa mwaka 2023, na hizo 1,200 ni za miaka hii tuliyomo, yaani kuchelewa kwa takriban miaka mitano.

Upande wa pili wako waliokosea kwa kupunguza. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lililaumiwa kwa miaka mingi kwamba makadirio yake ya upepo na jua yalikuwa madogo mno, na ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipitwa na hali halisi muda mrefu kabla ya tarehe zake. Utetezi wao ulikuwa kwamba hawakutabiri, bali walionyesha mambo yatakavyokuwa iwapo sera za siku hiyo zisingebadilika, nazo zilibadilika. Nadhani utetezi huo una ukweli, ingawa magazeti hayakuutilia maanani na wawekezaji pia hawakuutilia maanani. Mimi mwenyewe sina la kujivunia hapa. Mwaka 2021, baada ya kuona gigawati zaidi ya 90 zimefungwa mwaka uliotangulia, nilimwandikia mteja mmoja kwamba mstari utaendelea kupanda. Mwaka uliofuata ukaja na zile 77.6.

Kosa langu lilikuwa kutotazama ndani ya ile tarakimu kubwa ya 2020. China ilikuwa imetangaza kwamba ruzuku kwa mitambo ya nchi kavu itakoma mwishoni mwa mwaka huo, na kila mwenye mradi akakimbia kuumaliza kabla mlango haujafungwa. Yalikuwa mafuriko ya msimu, nami nikayahesabu kama mto wa kudumu. Tangu hapo sitazami soko la upepo la dunia kama kitu kimoja. Mwaka 2024 China peke yake ilifunga takriban theluthi mbili ya mitambo yote mipya. Maana yake, mtu anaposema soko la dunia litakua, kwa sehemu kubwa anasema kwamba mipango ya Beijing itaendelea kama ilivyo, na nchi nyingine zote zinagawana kilichobaki.

Huko kwingine nako hakuna utulivu. Marekani, tarehe 20 Januari 2025, rais aliyeingia madarakani alisimamisha utoaji wa maeneo mapya ya bahari kwa ajili ya upepo, na sheria iliyosainiwa Julai 4 ya mwaka huo ikafupisha muda wa nafuu za kodi zilizokuwa zikibeba miradi ya upepo na jua. Baada ya hapo IEA ilipunguza makadirio yake ya nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kama upepo na jua, kwa Marekani kwa karibu nusu. Zingatia, mzee wangu, kwamba upepo wa Texas na Iowa haukupungua hata kidogo kati ya utabiri wa awali na ule uliofuata. Kilichobadilika ni karatasi. Ulaya nayo imepata aibu zake katika mitambo ya baharini: mnada wa Uingereza wa 2023 haukupata mwombaji hata mmoja wa upepo wa baharini kwa sababu bei ya juu iliyowekwa haikulingana na gharama za chuma na riba zilizokuwa zimepanda. Mnada wa Denmark wa mwishoni mwa 2024 uliishia hivyo hivyo, na wa Ujerumani wa Agosti 2025 ukafuata.

Halafu kuna foleni ya gridi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo jambo linaloamua zaidi na linalozungumzwa kidogo zaidi. Mwaka 2023 IEA ilikadiria kwamba miradi ya nishati jadidifu yenye uwezo usiopungua gigawati 3,000 ilikuwa ikisubiri kuunganishwa kwenye gridi mbalimbali duniani. Mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya. Mradi wa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, una mitambo 365 na megawati 310, na umejengwa katika mkondo ambapo upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya ukavuma kwa kasi ambayo nchi nyingi zinaionea wivu. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme wake, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, haikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Kwa kipindi chote hicho mapanga yalisimama juu ya upepo bora kabisa katika ukanda wetu, na serikali ya Kenya ikajikuta inadaiwa fidia kwa umeme usiofika kwa mtu.

Kwetu Tanzania, maeneo yanayotajwa siku zote ni Singida na Makambako, yote ya bara na ya nyanda za juu, na miradi yake mikubwa imezungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Mitambo inayozunguka kweli kwa ajili ya kuuza umeme ni ile mitatu ya Mwenga, wilayani Mufindi, yenye megawati 2.4 kwa jumla. Kama upepo mkubwa utakuja kuwanufaisha watu wa Tanga, naona utapitia kwenye waya au bandarini. Kwenye waya, kwa sababu laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida sasa inaunganisha gridi yetu na ya Kenya. Bandarini, kwa sababu panga moja la mtambo wa siku hizi linaweza kuzidi mita 70 na haliingii kwenye kontena, na gati la mita 450 lililochimbwa hadi kina cha mita 13 hapo ulipofanyia kazi linaweza kupokea mzigo ambao enzi zako ungeshushwa kwenye matishari katikati ya ghuba. Kona za barabara baada ya kutoka bandarini ni hadithi nyingine, nawe unazijua kuliko mimi.

Lakini hayo yote ni mitambo mikubwa ya gridi, na hapa ndipo kipeperushi cha mpwa wako kinapocheza mchezo usio wa haki. Zile gigawati 117 na hizo 981 ni za minara mirefu inayouza umeme kwa mikataba ya miaka mingi. Mtambo mdogo wa kufungwa uani kwa mtu ni bidhaa nyingine yenye wateja wengine, na ukuaji wa ule mkubwa haumbebi huu mdogo, kama vile ongezeko la meli za makontena lisivyomfanya mchonga ngalawa wa Kigombe apate oda zaidi.

Nikuonyeshe kwa hesabu, kwa sababu nadhani hapa ndipo pesa yako ilipo. Nguvu iliyomo katika upepo hukua kwa mchemraba wa kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Tuseme mtambo mnaotaka kuagiza una mapanga yanayochora duara la kipenyo cha mita 3, na kwamba unafaulu kugeuza asilimia 30 ya nguvu ya upepo kuwa umeme, kiwango ambacho kwa mtambo mdogo ni cha ukarimu. Upepo ukiwa mita 12 kwa sekunde, utapata takriban wati 2,150, na hapo ndipo ile kilowati 2 ya kwenye kibati ilikotoka. Mita 12 kwa sekunde ni kilomita 43 kwa saa, na wenye ngalawa siku hiyo hukaa ufukweni kushona nyavu. Upepo ukishuka hadi mita 8, umeme unashuka hadi wati 640 hivi. Ukifika mita 4, ambao ni upepo mzuri wa kukausha nguo, unabaki na wati 80, yaani taa chache na redio.

Wastani wa mwaka hautoki kwenye siku moja, bila shaka, na siku za upepo mkali hufidia zile za utulivu. Kwa mahali penye wastani wa mita 4 kwa sekunde, hesabu yangu inanipa takriban uniti 3 kwa siku kutoka kwa mtambo huo. Paneli moja ya jua ya wati 550, ikifungwa vizuri kwenye pwani yetu, hutoa uniti 2 na ushei. Kwa hiyo mtambo wenu wenye kibati cha kilowati 2 ungefanya kazi ya paneli moja na nusu, ukiwa na sehemu zinazozunguka, beringi zinazohitaji kubadilishwa, na hewa ya chumvi inayokula chuma usiku na mchana.

Usemi wako kwamba upepo upo ni wa kweli, na mababu zetu waliuendeshea biashara nzima ya Bahari ya Hindi. Ila jahazi na mtambo haviuhitaji upepo kwa namna moja. Nahodha aliweza kungoja kaskazi imshushe na kusi imrudishe, na kipindi cha tangambili, upepo unapogeuka na kulegea, alikitumia kukarabati chombo. Mwenye hoteli wa Ushongo hawezi kumwambia mgeni angoje kusi ndipo feni izunguke. Tena upepo wa ufukweni unaousikia usoni si ule utakaoufikia mtambo ukiufunga juu ya paa. Mafundi wa mitambo midogo hutumia kanuni kwamba mapanga yawe juu kwa angalau mita 9 kuliko kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150. Mnazi wa mita 20 ukiwa jirani, mnara wako unapaswa kukaribia mita 30, na gharama ya mnara huo pamoja na msingi wake na nyaya za kuushikilia inaweza kuzidi bei ya mtambo wenyewe. Katika kipeperushi, nadhani, mtambo umechorwa peke yake chini ya anga la buluu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usitoe kiinua mgongo kwa ajili ya mitambo kumi, na usikope kwa ajili hiyo pia. Sisemi hivyo kwa kuwa utabiri wa dunia ni wa uongo. Naamini kwamba gigawati mpya za upepo zitaendelea kuongezeka, ingawa sitashangaa mwaka mmoja au miwili ikishuka kama ilivyokuwa 2022, na sioni dalili kwamba dunia itafikia gigawati 320 kwa mwaka, kiwango ambacho baraza lenyewe lilisema kinahitajika ili ahadi ya Dubai ya Desemba 2023 ya kuongeza nishati jadidifu mara tatu itimie. Nasema hivyo kwa sababu utabiri huo haukuhusu bidhaa mnayotaka kuuza, wala wateja mnaotaka kuwauzia.

Mpwa wako usimvunje moyo, maana ufundi wake una soko. Katika makadirio ya IEA ya 2025, takriban asilimia 80 ya ongezeko lote la nishati jadidifu hadi 2030 inatoka kwenye jua, na hapo angalau bidhaa inayohesabiwa na bidhaa anayoweza kuifunga juu ya paa la Pangani ni ya aina moja. Akishikilia upepo, basi anunue kipima upepo chenye kuhifadhi kumbukumbu, bei yake ikiwa sehemu ndogo tu ya mtambo mmoja, akifunge juu ya mlingoti mrefu katika kiwanja cha mteja halisi, na akiache hapo mwaka mzima ili kipate kaskazi, kusi na tangambili zote mbili. Takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa zitamsaidia kujua kama mwaka huo ulikuwa wa kawaida au wa ajabu. Kila mwisho wa mwezi akuletee daftari, nawe ukague tarakimu kama ulivyokuwa ukikagua manifesti. Wastani ukizidi mita 6 kwa sekunde kwenye kimo cha mnara mtakaoweza kuulipia, niandikie tena tukae kwenye hesabu ya mtambo mmoja, si kumi.